Chuma tunachobeba mwilini: kutoka msumari wa Kiel hadi sumaku ya IRM

Motari aliyevunjika paja kwenye barabara ya Sake, kijana wa chukudu aliyepondwa mguu na mzigo wake, mama aliyepigwa na kipande cha bomu akiwa kambini. Watu wa namna hii tunao wengi hapa Goma, na wengi wao wanatembea na chuma ndani ya mwili. Miaka inapita, kidonda kinapona, mtu anasahau. Siku moja mgongo unaanza kumsumbua, au anaanza kuanguka kifafa, na daktari anaandika kwenye fishi yake herufi tatu: IRM. Hapo ndipo majirani wanapoanza kumwambia: ukiingia mle na chuma chako, ile sumaku itakichomoa.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana uongo pia. Kuna wanaoyaogopa hadi wanakataa kipimo. Kuna wengine wanaonyamaza kabisa kuhusu risasi waliyo nayo, kwa sababu familia imechanga dola za safari ya Kigali au Kampala kwa shida na hawataki kurudishwa mlangoni. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi. Ili tuelewane, tuanze mbali kidogo, na historia ya chuma chenyewe.

Waganga wa Ulaya walijaribu kuunga mifupa kwa chuma tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, William Arbuthnot Lane kule London alikuwa akifunga mifupa iliyovunjika kwa plaki na visi. Mfupa ulishika, lakini chuma cha wakati ule kililiwa na maji ya mwili kama bati la nyumba linavyoliwa na mvua. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1912, wakati kiwanda cha Krupp cha Ujerumani kilipopata chuma kilichochanganywa na kromi na nikeli. Ndiyo inoksi, ambayo leo tunaijua kwa masufuria na vijiko.

Mwezi wa Novemba 1939, vita kuu ya pili ikiwa imeanza tu, daktari Gerhard Küntscher wa mji wa Kiel alimpitishia mgonjwa msumari mrefu wa inoksi ndani ya uboho wa mfupa wa paja. Wenzake wengi walimwona kama mtu aliyepotewa na akili. Lakini wagonjwa wake walisimama mapema, wakati wengine wenye mivunjiko kama yao walikuwa bado wamelala na mguu umefungwa mawe ya kuvuta. Nje ya Ujerumani habari hii ilijulikana kwa njia ya ajabu: wanajeshi waliotekwa wakatibiwa huko walirudi kwao, waganga wakawapiga picha ya eksirei, ile tunayoiita radio, wakakuta fimbo ya chuma imejaa ndani ya paja. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa habari, maana hakuwa amebeba karatasi yoyote.

Baada ya vita inoksi iliboreshwa zaidi, ikaja na titani, ambayo ni nyepesi na mwili unaipokea vizuri. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika la SIGN ili msumari wa aina hiyo uweze kuwekwa hata katika hospitali ambayo haina eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Umefika katika hospitali nyingi za nchi maskini, Afrika ikiwemo.

Hapa kwetu, jina linalokuja kwanza watu wakizungumzia mifupa ni Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, aliyeanzisha pamoja na mke wake Lyn ile hospitali inayoitwa leo HEAL Africa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitema moto, lava ikapita katikati ya mji, na hospitali yao ikaangamia pamoja na sehemu kubwa ya Goma. Ilijengwa tena. Naomba msomaji aikumbuke lava hiyo, tutairudia tukifika kwenye makaratasi.

Kisha kuna Ndosho. Tangu 2012, mwaka ambao M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza, wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, wanafanya kazi katika hospitali ya CBCA Ndosho. Walipokea majeruhi wa vita mwaka hadi mwaka, na mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya mji, vitanda havikutosha. Kati ya majeruhi wa miaka hii wapo pia wakimbizi wa ndani, kwa mfano baada ya mabomu yaliyoanguka kwenye kambi za upande wa Lac Vert na Mugunga tarehe 3 Mei 2024.

Upasuaji wa vita una kanuni zake, na moja inawashangaza wagonjwa wengi: risasi iliyotulia ndani ya nyama mara nyingi haitolewi. Kuitafuta kwa kisu kunaweza kuharibu zaidi kuliko yenyewe. Daktari anaondoa nyama iliyokufa, anaosha, anaacha kidonda wazi siku chache, ndipo anakifunga. Risasi atayotoa ni ile iliyoingia kwenye kiungo, iliyo karibu na mshipa mkubwa, au iliyoleta usaha. Tena katika kidonda kichafu cha vita hawapendi kuweka plaki, kwa sababu vijidudu hujishikilia kwenye chuma na havitoki. Wanatumia plasta, mawe ya kuvuta, au vyuma vya nje ambavyo baadaye vinaondolewa.

Kwa hiyo hapa Goma tuna vyuma vya aina mbili mwilini, na watu wanavichanganya. Chuma cha ajali ya pikipiki mara nyingi ni msumari au plaki: kimetengenezwa kwa ajili ya mwili, kimefungwa na visi. Chuma cha vita ni risasi au kipande cha bomu: hakuna aliyekipima, na hakishikwi na kitu isipokuwa nyama na kovu.

Sasa tuje kwenye sumaku. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba mtu anaweza kupata picha kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila miale ya eksirei. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akatafuta njia ya kuipata haraka. Tarehe 3 Julai 1977 Raymond Damadian na wasaidizi wake walipiga picha ya kwanza ya kifua cha mtu mzima; mtu huyo alikaa ndani ya mashine karibu saa 5 kwa picha moja. Lauterbur na Mansfield walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian hakupewa, na alilalamika hadharani kwenye magazeti. Mwanzoni jina la kipimo lilikuwa na neno nyuklia, likaondolewa kwa sababu watu walifikiria bomu. Hakuna bomu wala miale mle ndani.

Kuna sumaku tu, lakini si kama ile ya spika ya redio. Mashine ya kawaida ina nguvu ya tesla 1.5, yaani karibu mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza mshale wa dira. Inatengenezwa na nyaya zilizopoozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukishaingia kwenye nyaya hizo unazunguka wenyewe. Sisi tuliozoea umeme wa SNEL kukatika tuelewe jambo hili vizuri: taa zikizimika, sumaku haizimiki. Usiku, Jumapili, mashine ikiwa kimya kabisa, bado inavuta.

Kutokulijua hilo kumeua watu. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya New York, mtoto wa miaka 6 alikuwa amelazwa ndani ya mashine wakati mtu alipoingiza chupa ya oksijeni ya chuma. Iliruka ikampiga kichwani, akafa. Mwaka 2018 mjini Mumbai, India, kijana aliyekuwa akimsindikiza mgonjwa wa familia aliingia na chupa ya oksijeni mkononi. Ilisemekana aliambiwa mashine imezimwa. Mwezi wa Julai 2025 tena New York, mwanaume mmoja aliingia kumsaidia mke wake kuinuka, akiwa na mnyororo mzito shingoni. Wote watatu wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na chuma kilichokuwa ndani ya mwili wake. Wawili hawakuwa hata wagonjwa. Hapa kwetu, ambapo mgonjwa haendi hospitali bila mtu wa kumlinda, habari hii inamhusu yule mlinzi sawasawa na mgonjwa.

Na chuma cha ndani je? Inoksi ya hospitali na titani karibu havivutwi kabisa. Chukua sumaku ya spika mbovu uigusishe kwenye vijiko vya nyumbani: kimoja kitashika, kingine hakitashika, ingawa vyote vinang'aa. Chuma cha mfupani ni cha aina hii isiyoshika. (Usijipime mguu kwa sumaku hiyo ukadhani umepata jibu, kazi hiyo si ya jikoni.) Mtu mwenye plaki ya paja kwa kawaida anapimwa IRM ya kichwa au mgongo bila shida. Anaweza kusikia joto kidogo, na akilisikia aseme mara moja. Tatizo kubwa kwake ni lingine: karibu na chuma picha inakuwa na giza, kwa hiyo goti lenye visi pengine litaonekana vizuri zaidi kwa skana.

Risasi ni habari nyingine. Ile ya risasi tupu na shaba haivutwi. Lakini nyingi za Kalashnikov zina kiini cha chuma, na vipande vya mabomu ni chuma kitupu. Kipande kilichokaa miaka mingi kwenye paja kimeshazungukwa na kovu, na wengi wenye vipande vya namna hiyo wamepimwa bila madhara. Kipande kilicho karibu na uti wa mgongo, ubongo, mshipa mkubwa au jicho hakina ruhusa ya kusogea hata milimita moja. Katika miaka ya 1980 mgonjwa mmoja alipoteza jicho baada ya IRM kwa sababu kulikuwa na punje ya chuma ambayo hakujua anayo. Ndugu zetu wanaochomelea na kusaga vyuma Birere na kwingineko, ikiwa cheche imewahi kuingia jichoni, semeni; watapiga radio ya macho kwanza.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu kinahusu karatasi. Mgonjwa mmoja alikuwa na kibanio cha mshipa ndani ya ubongo. Taarifa zilionyesha kwamba ni aina isiyovutwa, akapelekwa kwenye mashine. Kumbe kibanio kilikuwa cha aina nyingine. Kilisogea, mgonjwa akafa. Kutokea 2005 viwanda vinatumia alama tatu: mraba wa kijani kwa kitu salama, pembetatu ya njano kwa kitu kinachokubalika kwa masharti, duara jekundu lenye mstari kwa kitu kilichokatazwa. Alama hizo zinakaa kwenye karatasi na kwenye katoni. Zikipotea, mwili haujiandiki wenyewe.

Na karatasi zetu zinapotea. Lava ya 2002 ilichoma, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikachoma tena upande wa Nyiragongo. Watu walikimbia kutoka Rutshuru na Masisi wakiwa na watoto na sufuria. Mwezi wa Februari 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na nyinginezo zilivunjwa kwa siku chache, na fishi nyingi za hospitali zilibaki chini ya maturubai.

Mwenye karatasi leo aipige picha kwa simu, amtumie na ndugu aliye mbali. Kinachotakiwa kuonekana ni jina la hospitali, tarehe, mfupa gani, na aina ya chuma. Asiye na karatasi arudi kwenye hospitali iliyompasua aulizie daftari la chumba cha upasuaji. Ikishindikana, radio ya kawaida ya sehemu yenye kovu inaonyesha kama kuna chuma, kina umbo gani na kimekaa wapi. Msumari na kipande cha bomu havifanani hata kidogo. Radio hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na IRM, na inapigwa hapa hapa Goma. Ni afadhali kuifanya kabla ya kuvuka mpaka kuliko kurudishwa kutoka hospitali ya King Faisal, Kigali, pesa ya safari imeshaliwa.

Siku yenyewe wataondoa simu, funguo, mkanda, shanga, hereni, shapele, hirizi, vibanio vya mèche na wigi. Mguu wa bandia wa Shirika la Umoja, hata ukiwa wa plastiki, una vyuma vya kuungia, unabaki nje. Kigongo na kiti cha magurudumu vilevile. Akina mama wanauliza sana kuhusu uzazi wa mpango: vijiti vya Jadelle vya mkononi si chuma, na kitanzi cha shaba kwa kawaida hakizuii kipimo, lakini vyote viwili vitajwe. Mwenye betri ya moyo alete kadi yake, kwa kuwa ni tangu 2008 tu ndipo Ulaya ilipoanza kupata zile zilizotengenezwa kuvumilia sumaku, na za zamani zinaweza kuharibika. Maswali ya mlangoni yataulizwa mara mbili au tatu, na watu tofauti. Anayemlinda mgonjwa ataulizwa yale yale, na kama naye ana kipande cha 2012 begani, akitaje kabla mlango haujafunguliwa.