Rimu ya chuma ikipata ufa: mwongozo kwa wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani

Vijijini kwetu Land Rover 109, Defender na Land Cruiser za miaka ya 80 na 90 bado ziko kazini. Zinapeleka mahindi mnadani, zinabeba abiria pale basi lisipofika, na usiku zinawahisha wagonjwa hospitali. Injini ikisumbua, kila mtu ataisikia. Rimu inachanika kimyakimya, na ikiachia gari likiwa kwenye mwendo, dereva anakosa usukani. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuugundua ufa mapema na hatua za kuchukua ukishauona.

Kwa nini rimu inachanika?

Rimu ya chuma ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni sahani ya katikati yenye matundu ya boliti. Ya pili ni duara la nje linaloshika tairi. Sehemu hizi zimeunganishwa kiwandani kwa kuchomelewa.

Gari likitembea, sahani hujipinda kidogo sana kila gurudumu linapozunguka. Tairi la 7.50-16, linalotumika sana kwenye magari haya, huzunguka karibu mara 400 kwa kila kilomita moja. Safari ya kilomita 100 ni mipindo kama 40,000. Baada ya miaka 30 chuma huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike.

Mambo yanayoharakisha ufa ni haya:

- Kuzidisha mzigo, hasa kwenye barabara ya makorongo.
- Nati kulegea. Rimu hucheza kwenye boliti, na matundu huacha kuwa duara yakawa na umbo la yai.
- Kutu, tope au rangi nzito kati ya rimu na hab, kwa sababu rimu haikai sawasawa.
- Kuweka tairi pana au vipande vya kusogeza gurudumu nje. Sahani hubeba nguvu ambayo haikutengenezewa.
- Kugonga jiwe au shimo tairi likiwa na upepo mdogo.

Dalili za kuangalia

Ukiwa barabarani, sikiliza mlio wa "tik-tik" au wa kukwaruza unaokwenda kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, hasa gari likiwa taratibu. Usukani ukianza kutetema ghafla, au nati za gurudumu lilelile zikilegea kila mara, simama ukague. Tairi lisilo na tyubu linalopungua upepo bila kuwa na msumari nalo linaweza kuwa na ufa kwenye rimu.

Gari likisimama, tafuta mistari myembamba ya kutu inayoanzia kwenye tundu la boliti, kwenye matundu makubwa ya hewa, au pale sahani inapoungana na duara la nje. Mara nyingi kutu hiyo inatoka ndani ya ufa ambao jicho halijauona.

Jinsi ya kupima kwa mafuta ya taa na chaki

Kipimo hiki mafundi wamekitumia tangu zamani, na hakihitaji mashine.

1. Vua gurudumu. Lisugue kwa brashi ya waya, lioshe, kisha liache likauke. Penye rangi nene, ikwangue.
2. Paka mafuta ya taa kuzunguka matundu na kwenye maungio ya sahani. Subiri dakika 15 hadi 20. Usiwe karibu na moto wala sigara, na usiyamwagie tairi.
3. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu.
4. Paka unga wa chaki nyeupe.

Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kagua upande wa ndani pia, kwa kuwa nyufa nyingine huanzia huko.

Je, inaweza kuchomelewa?

Jibu ni hapana. Tunajua fundi wa jirani anaweza kusema ni kazi ya dakika kumi, na kweli ufa utazibika. Lakini chuma kilichochoka hakirudi kuwa kipya. Moto hubadilisha chuma kilicho kando ya weldi, na mara nyingi ufa mpya huanzia hapohapo. Rimu inaweza pia kupinda kwa joto.

Kuna hatari kubwa zaidi. Usikubali kamwe rimu ichomelewe ikiwa na tairi, hata kama upepo umetolewa. Joto hufanya mpira utoe gesi ndani ya tairi. Gesi hiyo ikiwaka, tairi hupasuka kwa nguvu ya kuua. Kutoa sindano ya valvu hakutoshi kuzuia mlipuko huo.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa rimu za vipande, zile zenye pete ya kufungia, zinazopatikana kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Ukishuku ufa kwenye rimu ya aina hii, toa upepo wote kabla ya kulegeza nati. Wakati wa kujaza upepo tumia mpira mrefu na ukae pembeni. Usisimame mbele ya pete.

Hatua za kuchukua

Ukigundua ufa safarini, shusha abiria na mzigo, kisha funga tairi la akiba. Kama huna, usiendelee kwa matumaini. Agiza gurudumu lingine likufuate ulipo.

Ukinunua rimu iliyotumika, ipime kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kulipa. Hesabu matundu pia. Land Cruiser za kazi za kabla ya mwaka 1999 zina matundu sita, na nyingi zilizofuata zina matano. Rimu ya Hilux nayo mara nyingi ina sita, lakini tundu lake la katikati, kina chake na uwezo wake wa kubeba mzigo vinaweza kutofautiana na vya Land Cruiser. Kuingia kwenye boliti si kufaa.

Wakati wa kufunga, safisha hab na mgongo wa rimu. Kaza nati kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, na umalizie kukaza gurudumu likiwa chini. Rudia kuzikagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Rimu mbovu usiiache uani. Ikate kabla ya kuiuza kama chuma chakavu, isije ikapakwa rangi na kufungwa kwenye gari la mwenzako.