Jinsi ya kutambua ubovu wa klachi kabla ya kushusha giaboksi

BARABARA ya kutoka Kisumu kuelekea Kisii hupita Ahero na Katito katika uwanda wa Kano, kisha hupanda hadi Sondu, mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na gari linapofika Kisii huwa limepanda zaidi ya mita 500.

Katika mwinuko huo ndipo klachi iliyochoka hujifichua. Matatu iliyokwenda bila tatizo kwenye tambarare ya Ahero hunguruma kwa nguvu bila kuongeza mwendo, na harufu ya kitu kinachoungua huwafikia abiria. Lori lililopakia mananasi au mifugo kutoka soko la Sondu hugoma kung'oka pale lilipopaki.

Swali linalomkabili mwenye gari ni moja: je, klachi imekwisha kabisa, au ni kasoro ndogo iliyo nje yake? Jibu lina uzito mkubwa mfukoni. Kubadilisha klachi hulazimu giaboksi ishushwe, na kwa gari la abiria hiyo ni siku nzima au zaidi bila mapato, mbali na malipo ya fundi. Ilhali kasoro kadhaa zenye dalili zinazofanana na hizo, kama vile mafuta kupungua, kebo kulegea au silinda kuvuja, hurekebishwa bila giaboksi kuguswa.

Namna klachi inavyofanya kazi

Klachi ni kiungo baina ya injini na giaboksi. Klachi pleti, ambayo pande zake mbili zimefunikwa kwa utando mgumu wa msuguano, hubanwa kwenye flaiwili na presha pleti yenye springi. Ikiwa imebanwa, nguvu za injini hupita hadi kwenye magurudumu.

Dereva anapokanyaga klachi, kebo au mafuta yaliyo katika mfumo wa masta silinda na sleivu silinda husukuma rilisi beringi. Beringi hiyo huiondolea presha pleti mkazo, klachi pleti ikawa huru, na gia ikaweza kubadilishwa.

Kutokana na mpangilio huu, hitilafu nyingi za klachi huangukia mafungu mawili: klachi isiyoshika na klachi isiyoachia. Kulitambua fungu husika ndiyo nusu ya uchunguzi.

Klachi isiyoshika

Dalili kuu ni injini kupandisha mizunguko pasipo gari kuongeza kasi. Mara nyingi hali hii huanza kwenye gia za juu, gari likiwa na mzigo au likipanda mlima. Baadaye huonekana hata kwenye tambarare.

Jaribio la barabarani ni rahisi. Gari likiwa katika gia ya nne au ya tano, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, dereva hukanyaga mafuta kwa nguvu. Mizunguko ikiruka ghafla huku mwendo ukibaki ulipokuwa, klachi inateleza.

Jaribio la pili hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma. Breki ya mkono huvutwa, breki ya mguu hukanyagwa, gia ya tatu huingizwa, kisha klachi huachiliwa polepole. Injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kunguruma, klachi haishiki. Jaribio hili lisirudiwerudiwe, kwa maana huiunguza klachi na linaweza kuharibu hata ile iliyokuwa nzima.

Kabla ya kuhukumu kwamba klachi pleti imekwisha, nafasi ya kanyagio hukaguliwa kwanza. Katika magari ya kebo, kanyagio hushuka kidogo bila upinzani kabla ya kuanza kusukuma. Kebo ikivutwa kupita kiasi nafasi hiyo hupotea, na klachi hubaki kama iliyokanyagwa nusu saa zote. Kipimo sahihi hutolewa na kitabu cha gari husika.

Sababu nyingine ni oili inayovuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya giaboksi na kulowesha klachi pleti. Oili inayodondoka pale injini inapoungana na giaboksi ni ushahidi tosha wa kutia shaka. Fundi akiweka klachi mpya bila kubadilisha sili, nayo italowa na kuteleza.

Klachi isiyoachia

Hapa gia huwa ngumu kuingia, ya kurudi nyuma hulia kwa mkwaruzo, au gari husonga mbele ilhali kanyagio limefika sakafuni.

Jaribio la kwanza hutenganisha klachi na giaboksi. Injini ikiwa imezimwa, gia zote huingizwa moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa wepesi lakini zikawa ngumu injini inapowashwa, lawama ni ya klachi. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, huenda kasoro iko kwenye nyaya za gia au giaboksi yenyewe.

Jaribio la pili hufanywa injini ikiwa imewashwa na gari limesimama. Klachi hukanyagwa hadi mwisho, dereva husubiri sekunde nne au tano, kisha huingiza gia ya kurudi nyuma. Mkwaruzo baada ya muda huo huashiria kwamba klachi pleti ingali inazungushwa na injini.

Katika mfumo wa mafuta, kichupa cha mafuta ndicho cha kutazamwa mwanzo. Kanyagio likiwa laini, au likizama lenyewe, likanyagwe mara kadhaa kwa haraka. Gia zikianza kuingia vyema baada ya hapo, mna hewa ndani ya mfumo au kuna mahali panapovuja. Unyevu kwenye zulia chini ya kanyagio huelekeza kwenye masta silinda. Unyevu kwenye kifuniko cha mpira kando ya giaboksi huelekeza kwenye sleivu silinda. Baadhi ya magari, hata hivyo, yana sleivu silinda ndani ya kava ya giaboksi, na hayo hayana budi kufunguliwa.

Jambo hili halihusu klachi pekee. Katika magari mengi klachi na breki hutumia kichupa kimoja cha mafuta ya breki. Mafuta yanayopungua kila mara hayafai kuongezwa tu na safari ikaendelea; ni sharti mahali yanapopotelea patafutwe.

Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko, tukio la kawaida katika uwanda wa Kano wakati wa mvua za masika, kisha likapaki kwa wiki kadhaa, linaweza kukumbwa na kasoro ya aina yake: kutu huigandisha klachi pleti kwenye flaiwili. Anayewasha gari la namna hiyo ahakikishe kwanza kwamba gia haijaingizwa.

Sauti na mtetemo

Sauti huchunguzwa injini ikiunguruma polepole na gia ikiwa huru. Mlio unaoanza mara tu kanyagio linapoguswa na kusukumwa kidogo kwa kawaida hutoka kwenye rilisi beringi. Mlio unaosikika klachi ikiwa haijakanyagwa, kisha ukatoweka inapokanyagwa, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya shafti inayoingia ndani ya giaboksi. Kuchanganya sauti hizi mbili humfanya mwenye gari anunue spea asiyoihitaji.

Gari linalotetemeka linapong'oka huenda lina oili kwenye klachi pleti au flaiwili iliyounguzwa na joto. Lakini maunti za injini zilizokatika huleta mtetemo uo huo. Kwa kuwa maunti huonekana bila kufungua giaboksi, hizo ndizo za kukaguliwa mwanzo.

Giaboksi ikilazimika kushushwa

Majaribio yakithibitisha kwamba tatizo liko ndani, ni busara klachi pleti, presha pleti na rilisi beringi zibadilishwe kwa pamoja. Kazi ya kuzifikia ni ile ile, na kuacha beringi kuukuu ndani ni kujitayarishia kulipa fundi mara mbili. Flaiwili nayo ikaguliwe kama ina nyufa, mikwaruzo au madoa ya samawati yaletwayo na joto kali.

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa vifaa vilivyotolewa. Klachi pleti iliyokwisha huonekana waziwazi: utando wake huwa umelika hadi kukaribia vichwa vya ribiti. Ikiwa utando ungali mnene na mkavu, fundi anapaswa kueleza ni kwa nini imetolewa.

Vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kulifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa ni salama zaidi.

Hatari mlimani

Klachi inayoteleza si suala la fedha tu. Gari linaposhuka kutoka Sondu kuelekea Katito likiwa na mzigo, injini katika gia ya chini husaidia breki kulizuia. Klachi isiyoshika hudhoofisha msaada huo, breki zikabeba kazi yote, zikapata moto na nguvu zake zikapungua. Kadhalika, dereva anayeshuka akiwa amekanyaga klachi ili kuokoa mafuta huwa amejinyima msaada huo kwa hiari.

Mazoea ndiyo huamua klachi itadumu kwa muda gani. Mguu uliolazwa juu ya kanyagio safari nzima hulika beringi na kuifanya klachi ishike nusu. Kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, wakati utingo anapandisha abiria, huiunguza kwa dakika chache tu. Mzigo uliozidi kipimo nao hufanya vivyo hivyo kila gari linapong'oka.

Dereva anayeona mizunguko ikipanda bila mwendo hana sababu ya kungojea hadi klachi ikatae kabisa. Kagua nafasi ya kanyagio, kichupa cha mafuta na uvujaji siku hiyo hiyo, kabla ya kupakia tena kwa safari ya kupanda.