Piramidi ambayo Maslow hakuichora

Aliyewahi kukaa kwenye semina ya uongozi ameiona. Mkufunzi anachora pembetatu ubaoni, anaikata kwa mistari minne, kisha anaijaza kuanzia chini: chakula na maji, usalama, upendo, heshima, na kileleni kukitimiza kipaji chako. Pembeni anaandika "Maslow". Halafu mapumziko ya chai.

Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1908, hakuichora pembetatu hiyo. Makala yake ya 1943 katika jarida la Psychological Review ni maandishi mwanzo hadi mwisho. Wazo lenyewe limo: mwenye njaa kali huwaza chakula na kukiota usiku, akishiba, chakula hakimsukumi tena na haja nyingine hushika usukani. Ila hakusema kwamba lazima umalize ngazi moja ndipo ukanyage nyingine. Alitoa hata tarakimu za mfano, huku akikiri kuwa amezikisia tu: raia wa kawaida ametoshelezwa asilimia 85 katika haja za mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujiheshimu, na 10 tu kule juu. Zote zinamvuta kwa wakati mmoja. Tena alitaja watu wanaoupindua mpangilio wote kwa ajili ya imani yao.

Piramidi ilikuja 1960, katika makala ya mwanasaikolojia mshauri, Charles McDermid, kuhusu namna fedha inavyowatia watu ari ya kazi. Mameneja waliipenda. Mchoro hukumbukwa, tahadhari za mwandishi husahaulika.

Miaka miwili baada ya makala ya Maslow, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 kwa miezi sita, hadi karibu nusu ya walichozoea. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri. Njaa ilifanya kazi yake: hamu ya wanawake ikawatoka, mazungumzo yakawa ya chakula tu, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi kama wengine wanavyokusanya stempu.

Lakini hakuna aliyewalazimisha. Walijitolea ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita, na wengi wao walibaki hadi siku ya mwisho, wakilamba sahani.