Maseneta wa Marekani na Njia Ngumu ya Ikulu

Katika historia yote ya Marekani, ni maseneta watatu tu waliotoka moja kwa moja kwenye viti vyao na kuingia Ikulu: Warren Harding mwaka 1920, John F. Kennedy mwaka 1960 na Barack Obama mwaka 2008. Kutoka Baraza la Wawakilishi yuko mmoja, James Garfield, aliyechaguliwa mwaka 1880. Walioshindwa ni wengi, wakiwamo vigogo.

Henry Clay wa Kentucky, aliyekuwa Spika na baadaye seneta, aligombea mwaka 1824, 1832 na 1844 asifue dafu. Mara ya mwisho aliponzwa na Texas. Alipinga kuunganishwa kwa jimbo hilo na Marekani, kisha akaandika barua za kulegeza msimamo ili awaridhishe watu wa kusini; jimbo la New York likamponyoka kwa kura zipatazo 5,000. Aliyemshinda, James Polk, ndiye Spika pekee aliyepata kuwa rais, lakini baada ya uspika alikwisha kuwa gavana wa Tennessee.

Kinachomponza mbunge ni kazi yake yenyewe. Gavana hutia saini bajeti, hujenga barabara, kisha husimama jukwaani akajisifia. Seneta ni mmoja kati ya 100. Muswada anaoupigania hupita ukiwa umekwisha kukatwakatwa, na kila kura aliyopiga hubaki kwenye kumbukumbu ikimsubiri mpinzani.

Seneta John Kerry aliyaonja hayo alipogombea urais mwaka 2004. Alipobanwa kuhusu dola bilioni 87 za operesheni za Iraq na Afghanistan, alijibu kwamba aliziunga mkono kabla ya kuzipinga. Kwa taratibu za Seneti jibu hilo lilikuwa na mantiki: kura ya kwanza ilihusu pendekezo la kuzigharimia kwa kufuta nafuu za kodi za matajiri. Kwa mpiga kura wa kawaida kilikuwa kigeugeu kitupu, na kampeni ya George W. Bush ikayaweka maneno hayo kwenye matangazo ya televisheni.

Baada ya kashfa ya Watergate, kukaa sana Washington kukawa doa. Kuanzia 1976 hadi 2004, katika chaguzi zote isipokuwa ule wa 1988 walishinda waliowahi kuwa magavana: Carter, Reagan, Clinton na Bush mdogo.

Ni kweli pia kwamba maseneta hushindwa wengi kwa kuwa hujitosa wengi. Muhula wa miaka sita huwawezesha kujaribu bila kupoteza kiti. Hata hivyo, watatu waliofaulu hawakuwa wakongwe. Obama alikuwa na miaka isiyotimia minne Seneti, na kura ya 2002 ya kuidhinisha vita vya Iraq, iliyomwelemea mpinzani wake Hillary Clinton, ilipigwa Obama akiwa bado katika bunge la jimbo la Illinois. Joe Biden, aliyekaa Seneti miaka 36, alijaribu kwa uchaguzi wa 1988 na wa 2008 akakwama. Alishinda mwaka 2020, baada ya kuwa makamu wa rais kwa miaka minane.