Tarehe 17 Januari: aliyezaliwa, waliouawa, waliokimbia na waliorudi



Kila mwaka tarehe 17 Januari hatufanyi kazi. Shule zinafungwa, ofisi zinafungwa, na watoto wanafurahi mara mbili kwa sababu tarehe 16 nayo inakuwaka konje. Ukiwauliza ni konje ya nini wanajibu haraka: "Ya mashujaa!" Ukiwauliza mashujaa gani, hapo wanaanza kuangaliana.

Tarehe 16 ni ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi Kinshasa mwaka 2001, yule ambaye wazee wa Fizi walimjua tangu akiwa maki katika milima yetu. Tarehe 17 ni ya Patrice Emery Lumumba. Vijana wetu wengi, wale waliozaliwa Lugufu ama Nyarugusu, wanajua majina tu, basi. Hatuwalaumu. Sisi wazazi ndio hatukukaa nao chini tukawaambia.

Na sisi wenyewe, tuseme ukweli, hatupatani sana na tarehe. Tulipokuwa tunaandika upya daftari la chama tuliuliza kila mtu: ulizaliwa lini, ulikimbia lini, ulirudi lini? Mzee mmoja akatujibu: "Mimi nilizalikwa wakati wa Mulele." Mama mmoja akasema alivuka ziwa siku ambayo mahindi yalikuwa bado mabichi shambani. Hatukucheka, kwa sababu wakubwa wetu wote walihesabu hivyo, na kwa mazungumzo ya jioni inatosha. Lakini siku unasimama mbele ya shefu, na mwenzako ameleta karatasi yenye tarehe na muhuri juu ya shamba lililokuwa la baba yako, mahindi mabichi hayatakusaidia.

Ndio maana mara hii tumechukua siku moja tu ya kalendari, hii ya 17 Januari, tukaangalia mambo yaliyotokea ndani yake. Matatu yanagusa Kongo yetu, na katika yote matatu kuna mtu aliyetolewa mahali pake na baadaye akarudi. Tuyasome kama watu ambao nao wamerudi.

1942: Anazaliwa mtoto Louisville

Tarehe 17 Januari 1942, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, alizaliwa Cassius Marcellus Clay. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Muhammad Ali. Mwaka 1960 alipata medali ya dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki ya Rome, na mwaka 1964 alimpiga Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Mwaka 1967 serikali yake ilimwita jeshini wakati wa vita ya Vietnam. Alikataa. Wakamnyang'anya ubingwa, wakamfungia kupigana, na mahakama ikamhukumu miaka 5 ya gereza. Hakuingia gerezani kwa sababu alikata rufaa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta ile hukumu. Lakini alikuwa amekaa miaka 3 na nusu bila kupanda ulingoni, na ilikuwa miaka yake ya nguvu. Mahakama ilimfutia hukumu, ila ile miaka haikuweza kumrudishia. Alipopigania tena ubingwa mwaka 1971, Joe Frazier alimshinda.

Ubingwa wake aliukuta kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi za usiku, Ali mwenye miaka 32 alipambana na George Foreman, kijana mwenye nguvu ambaye hakuna aliyekuwa amemshinda. Pambano lilikuwa Kinshasa, kwenye uwanja uliokuwa unaitwa Stade du 20 Mai, leo Tata Raphaël. Ona kwamba hata uwanja ulikuwa umepewa jina la tarehe, siku Mobutu alipoanzisha chama chake cha MPR mwaka 1967. Watu kama 60,000 walikuwa wanaimba kwa Lingala "Ali, boma ye!" Kwa Kiswahili boma ni ngome au ua, lakini kwa Lingala ni kuua: Ali, muue! Ali alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha Foreman apige mpaka achoke, na katika raundi ya 8 akamwangusha.

Wengi wetu tulisikia habari hii kutoka kwa wazee wetu, waliokuwa na redio. Tunaikumbuka kwa furaha, na tuna haki. Lakini tukumbuke pia kwamba yule aliyeshinda Kinshasa hakuwa yule kijana wa 1967. Miguu ilikuwa mizito. Hakuwa tena mtu wa kucheza na kukwepa usiku mzima, ikabidi atafute njia nyingine.

1961: Usiku wa Katanga

Lumumba alikuwa Waziri wa kwanza wa nchi yetu tangu uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Hakumaliza hata miezi 3. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alimfukuza kazini, tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akashika mamlaka, na Lumumba akabaki kama mfungwa ndani ya nyumba yake Léopoldville. Usiku wa 27 Novemba alitoroka, akielekea Stanleyville, Kisangani ya leo, ambako watu wake walikuwa na nguvu. Walimkamata njiani, kwenye mto Sankuru, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu.

Asubuhi ya 17 Januari 1961 walimtoa kule pamoja na wenzake wawili: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Waliwapeleka kwa ndege mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mikononi mwa Moïse Tshombe aliyekuwa ameitenga Katanga. Walipigwa ndani ya ndege. Waliposhuka, waliendelea kupigwa katika nyumba moja karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule ule, kabla ya saa nne, walipelekwa porini, upande wa Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja mmoja. Tshombe na mawaziri wake walikuwepo, na Wabelgiji wenye vyeo vya polisi na jeshi walikuwepo pia.

Kisha wakafanya kazi ya kufuta. Miili ilizikwa, ikafukuliwa, ikakatwa, ikaingizwa katika asidi ili isibaki hata kaburi la kulilia. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa polisi Mbelgiji, Gerard Soete.

Na tarehe nayo waliificha. Serikali ya Katanga ilinyamaza karibu mwezi mzima. Tarehe 13 Februari ilitangaza redioni kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua. Kwa hiyo mke na watoto wake walikaa wiki karibu 4 wakimhesabu hai, kumbe alikufa usiku ule ule aliofika. Wanajumuiya wenzetu wanaojua jambo hili ni wengi: kuambiwa siku ya uongo ya kifo cha mtu wako, ama kutoambiwa siku yoyote. Tunajua mtu anavyokaa na matanga yasiyo na mwanzo.

Ukweli ulikuja polepole. Mwaka 1999 Ludo De Witte, Mbelgiji, alitoa kitabu juu ya mauaji yale. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2001 tume ikasema kwamba Ubelgiji ilikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo hicho. Mwaka uliofuata waziri wao wa mambo ya nje, Louis Michel, aliomba msamaha kwa jina la serikali. Na Soete mwenyewe, akiwa mzee, alikiri mbele ya kamera kwamba alikuwa amejiwekea meno ya marehemu.

Jino moja lilikamatwa na sheria ya Ubelgiji mwaka 2016, nyumbani kwa binti wa Soete. Mwaka 2020 Juliana Lumumba, binti wa marehemu, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai mabaki ya baba yake. Tarehe 20 Juni 2022, siku ambayo dunia inaiita siku ya wakimbizi, familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels ndani ya jeneza. Lilipita Sankuru alikozaliwa, Kisangani, na Shilatembo alikouawa, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, miaka 62 kamili ya uhuru.

Kumbe Lumumba naye amerudi. Alirudi akiwa jino moja, baada ya miaka 61. Kwa Mpolo na Okito hakuna hata jino.

2002: Goma inavuka mpaka

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, mlima wa Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Haikuwa mara ya kwanza, kwani tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la moto lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Lakini mara hii nyufa zilishuka mpaka karibu na mji. Moto ulikata Goma katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukamaliza maduka ya katikati ya mji na kanisa kuu la Wakatoliki, ukaingia ziwani Kivu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na watu kama 120,000 walibaki bila nyumba.

Watu zaidi ya 300,000 walikimbia, wengi upande wa Gisenyi, Rwanda, wengine upande wa Sake. Mashirika yalianza kutayarisha kambi. Lakini kabla kambi hazijasimama vizuri, watu walianza kurudi kwa miguu, wakitembea juu ya mawe ambayo yalikuwa bado yanatoa moshi. Wakubwa wa misaada walishangaa. Sisi hatushangai. Anayekaa mbali na parsele yake siku nyingi anajua atakachokuta akirudi.

Ila walichokuta Goma hakikuwa mtu mwingine ndani ya nyumba. Walikuta nyumba hakuna, barabara hakuna, na mipaka ya parsele iko chini ya jiwe. Jirani alikuwa shahidi wa jirani: hapa palikuwa pa fulani, hapa ukuta ulipita. Walijenga nyumba za mbao juu ya lava ileile, na mawe yake wakayapasua kujengea kuta. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na watu wakakimbia tena.

Mengine ya siku hii, kwa kifupi

Jioni ya 17 Januari 1961, saa chache baada ya Lumumba kufa, Rais Eisenhower wa Marekani aliaga taifa lake kwa hotuba iliyojulikana sana, akiwaonya juu ya nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha kushikana. Wamarekani wenyewe walikuja kugundua, katika uchunguzi wa Seneti mwaka 1975, kwamba chini ya utawala wake shirika la ujasusi la CIA lilitayarisha sumu ya kumuua Lumumba. Haikutumika.

Tarehe 17 Januari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zilianza kupiga Irak, baada ya Irak kuivamia Kuweit. Tarehe hiyohiyo mwaka 1995 tetemeko la ardhi lilibomoa mji wa Kobe, Japani, na kuua watu zaidi ya 6,000. Na mwaka 1964, siku hiyo, alizaliwa Chicago Michelle Robinson, aliyekuja kuwa mke wa Rais Obama.

Tunachoomba kwa wanachama

Wakati tuko kambini tulikuwa tunasema: siku tutarudi, mambo yatakaa sawa. Tumerudi, na kila mmoja anajua alichokuta. Kuna aliyepata shamba nusu. Kuna aliyekuta kaburi la baba limelimwa. Kuna watoto wanaoitwa Watanzania shuleni kwa sababu ya matamshi yao. Tusijione kwamba tumeshindwa kurudi. Ali alirudi bila miaka yake, Goma bila barabara zake, na Lumumba mwenyewe mnajua.

Lakini kile kidogo kilichorudi kilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika, aliyehifadhi, ama aliyekubali kusema: nilikuwepo, ilikuwa siku fulani. Bila hivyo mpaka leo tungekuwa tunasimulia ile habari ya uongo ya 13 Februari.

Kwa hiyo, kwenye mkutano ujao kila nyumba ilete karatasi moja yenye mambo manne: siku mliyokimbia, siku mliyorudi, majina ya waliofia njiani au kambini na siku waliyokufa, na majina ya majirani wawili wanaojua mipaka ya shamba lenu. Aliye na karatasi za kambi, jeton ama cheti cha mtoto aliyezaliwa kule, avilete tunakili, halafu arudi navyo nyumbani. Asiyejua tarehe asione haya. Aseme ni wakati wa mahindi mabichi, na nani walivuka pamoja naye kwenye mtumbwi. Tutakaa na hao wengine, mmoja atakumbuka mwezi, mwingine siku ya soko, mpaka tarehe ipatikane.

Wazee waje mapema. Wao ndio tunaowaharakia.