Majivu ya Koobi Fora: Namba Moja Iliyowagawa Wanazuoni kwa Miaka Kumi



Kila tukikutana hapa hatukosi kubishana juu ya tarehe. Nani alitangulia kufika, mji gani ni mkongwe, hati gani ni ya kuaminika. Mie si mwanahistoria wa watu, fani yangu ni kemia ya miamba, lakini katika fani hiyo upo mgogoro mmoja wa tarehe uliotokea kwetu Afrika Mashariki ambao nadhani una somo kwa kila anayesoma historia. Naomba mnivumilie, maana habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Tuanzie Olduvai. Mwezi wa Julai 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu katika bonde lile la Tanganyika. Mumewe, Louis Leakey, alikadiria kuwa lina umri wa miaka laki 6 hivi. Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Berkeley, Jack Evernden na Garniss Curtis, wakapima majivu ya volkano yaliyokuwa katika tabaka lile, na jibu likaja miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio ya mzee! Tangu siku hiyo hakuna aliyechimba mifupa Afrika Mashariki bila kutafuta majivu.

Kwa nini majivu? Mfupa wenyewe wa umri ule haupimiki kwa njia hii, bali jivu la volkano lina saa ndani yake. Katika madini yake mna potasiamu, na katika kila atomu elfu 10 za potasiamu, kama moja hivi ni ya aina iitwayo potasiamu-40, ambayo haitulii. Nusu yake hubadilika kwa muda wa miaka bilioni 1.25, na sehemu kama ya kumi ya hiyo inayobadilika huwa argoni-40, ambayo ni gesi. Volkano inapolipuka, joto huifukuza gesi yote. Jivu likipoa, fuwele hufunga mlango na argoni huanza kujikusanya upya. Ukipima argoni iliyomo na potasiamu iliyobaki, umejua mlango ulifungwa lini.

Hesabu ni nyepesi. Kazi ni kuhakikisha kuwa unapima jivu lenyewe, si wageni waliochanganyika nalo. Na hapo ndipo yalipoanza ya Koobi Fora.

Mwaka 1969 Richard Leakey alikuwa akichimba mashariki ya ziwa ambalo siku hizo likiitwa Rudolf, na tangu 1975 ni Turkana. Mwanajiolojia kijana wa timu yake, Kay Behrensmeyer, aliona zana za mawe katika tabaka la majivu, na tabaka likapewa jina la KBS, yaani eneo la Kay Behrensmeyer. Majivu yakapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch wa London na Jack Miller wa Cambridge. Jibu la kwanza: zaidi ya miaka milioni 200! Wenyewe walijua haiwezekani, maana ni umri wa enzi za dinosauri. Maji yaliyoyabeba majivu hadi ziwani yalikuwa yamezoa pia punje za miamba ya kale. Wakaomba sampuli nyingine, wakachagua fuwele safi, wakatumia njia mpya ya kuipitisha sampuli katika tanuri la nyuklia ili sehemu ya potasiamu igeuke argoni-39, kisha zikapimwa argoni mbili kwa pamoja. Jibu: miaka milioni 2.61. Likachapishwa 1970.

Mwezi wa Agosti 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya katika timu ya watafutaji iliyoongozwa na Kamoya Kimeu, akaona vipande vya mfupa katika korongo. Vilipounganishwa likatoka fuvu lenye ubongo mkubwa kuliko walivyotarajia, na kwenye daftari la makumbusho likaandikwa KNM-ER 1470. Lilikuwa chini ya majivu ya KBS. Basi ikiwa majivu ni ya miaka milioni 2.6, fuvu ni kongwe zaidi, na ikatajwa hadi milioni 2.9. Maana yake ni kuwa jamaa yetu mwenye ubongo mkubwa alikuwapo zamani mno, na zile nasaba zilizokuwa zikifundishwa vyuoni zilikuwa hazifai. Louis Leakey alionyeshwa fuvu lile siku chache tu kabla hajafariki, tarehe 1 Oktoba 1972. Kwa familia ile haikuwa namba tu, ilikuwa ni uthibitisho wa aliyoyasema mzee maisha yake yote.

Aliyeharibu sherehe ni nguruwe. Naam, nguruwe. Mtaalamu Basil Cooke alikuwa amesoma meno ya nguruwe wa kale katika bonde la Omo, ng'ambo ya mpaka upande wa Ethiopia, ambako majivu yalipangika vizuri na kupimwa tabaka baada ya tabaka. Magego yao yalizidi kurefuka kizazi hadi kizazi. Meno ya nguruwe waliokuwa chini ya KBS yalifanana na yale ya Omo ya miaka kama milioni 2, si 2.6. Waliotetea namba ya Uingereza wakajibu kuwa huenda mazingira ya pande mbili yalitofautiana, na nguruwe wa Koobi Fora wakatangulia kubadilika. Eti nguruwe wawe wepesi huku na wazito kule, na kati yao hakuna bahari!

Mwaka 1975 Curtis na wenzake wa Berkeley wakatoa vipimo vyao: milioni 1.6 mahali pamoja na 1.82 pengine. Hata wao basi hawakuwa na jibu moja. Mwaka uliofuata akaja shahidi mwingine kwa njia tofauti kabisa, ya kuhesabu makovu yanayoachwa na atomu za urani zinapopasuka ndani ya fuwele za zirkoni. Akasema 2.44. Kambi ya London ikafurahi. Nchi mbili, maabara mbili, na kila moja ina heshima yake. Msomaji wa kawaida angemwamini nani?

Hapa nieleze kisa changu, maana ndicho kilichonifanya niipende habari hii. Mwaka wa pili wa masomo yangu ya udaktari nilipima majivu ya Bonde la Ufa ambayo kwa kila dalili yalikuwa ya miaka milioni 2. Mashine ikaniambia 12. Nikarudia, 12. Nilikaa siku tatu nikitunga nadharia ya kuitetea ile 12, wallahi, na nilishaanza kuiandika. Mwalimu wangu hakubishana nami. Aliniweka mbele ya hadubini akaniambia nihesabu punje. Katika kila mia nikakuta mbili hivi zimeviringika na kuchakaa, ni za mwamba wa chini wenye miaka kama milioni 500. Punje mbili katika mia zilitosha kuniongezea miaka milioni 10. Mashine haikusema uongo, ila ilijibu swali nisilokusudia kuliuliza. Kilichoniuma zaidi si kosa, bali jinsi nilivyoipenda namba kwa sababu ilikuwa yangu.

Turudi Koobi Fora. Fundo lilifunguliwa na kemia. Kila mlipuko wa volkano hutoa kioo chenye vipimo vyake vya chuma, titani, manganizi, zirkoni, rubidi na vinginevyo, na viwango hivyo ni kama alama ya kidole. Mwaka 1979 Thure Cerling, Frank Brown na wenzao walionyesha kuwa kioo cha KBS ni kilekile cha tabaka la Omo liitwalo H2. Mlipuko mmoja, jivu moja, limeanguka pande zote mbili. Sasa nguruwe wakaaminika, maana tabaka la Omo lilikuwa na umri wake unaojulikana. Mwaka 1980 makovu ya zirkoni yakahesabiwa upya na Andrew Gleadow kwa uangalifu zaidi, yakatoa 1.87. Ian McDougall wa Australia akapima potasiamu na argoni, akapata 1.89, na mwaka 1981 kwa njia ileile ya argoni mbili iliyotumika Uingereza akapata 1.88. Ubishi ukaisha. Leo tunasema majivu yale yana miaka milioni 1.87, na fuvu la Ngeneo kama milioni 2.

Faida haikuishia hapo. Alama hizohizo za kemia zimeunganisha majivu ya Turkana na yale ya Hadar, Ethiopia, na hata na majivu yaliyozama chini ya Ghuba ya Aden. Cerling naye akageukia chokaa ya udongo wa kale. Nyasi za nchi za joto na miti hazichukui kaboni-13 kwa kiasi kimoja, na tofauti hiyo hubaki ndani ya chokaa. Mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kuwa sehemu nyingi walikoishi zamadamu wa Afrika Mashariki, kwa miaka milioni 6, zilikuwa wazi, miti ikifunika chini ya asilimia 40 ya ardhi. Kumbe jiwe halitunzi tarehe tu, linatunza na kivuli cha mti.

Somo langu ni hili. Namba ya 2.61 haikuangushwa na mtu mwenye cheo kikubwa zaidi. Iliangushwa na mashahidi wasiojuana: jino, kioo, kovu la urani na gesi, kila mmoja kwa njia yake, wote wakafika mahali pamoja. Wazee wetu walioshughulika na isnadi wangelifahamu hilo mara moja. Tarehe yenye shahidi mmoja, hata awe wa Cambridge, ni dai tu. Na tunapobishana humu juu ya Kilwa au Pate, tujiulize kwanza kama kweli tuna mashahidi wawili, au tuna shahidi mmoja aliyenukuliwa mara ishirini.

La mwisho ni ombi. Fuvu liliokotwa na Ngeneo, lakini majivu yalisafiri London, Cambridge, Berkeley na Canberra ndipo yakasema. Wengi wetu tumesomea kwenye maabara za namna hiyo na tumebaki kwenye nchi zake. Mie nimo katika hesabu hiyo na sijitoi. Lakini kijana wa Lodwar au Ngorongoro anayeweza kuliona jino la nguruwe jangwani kwa hatua ishirini anastahili pia kukaa mbele ya hadubini na kuhesabu punje zake mwenyewe. Kila nikienda likizo nyumbani nachukua sampuli chache za majivu na hadubini ndogo, naziweka mezani mbele ya wanafunzi, na siwaambii jibu. Mwenye nafasi ya kufanya mfano wa hayo katika fani yake, asisite.

Wasalaam.