Shokabsoba: Ya nyuma jifungie, ya mbele mwachie fundi

GARI likiendelea kudundadunda baada ya kuvuka tuta, au mafuta yakivuja kwenye shokabsoba, wakati wa kuzibadilisha umewadia. Je, ni lazima umlipe wakala?

Kwa pikapu kama Toyota Hilux, shokabsoba za nyuma zimejitenga na springi. Mwenye jeki, stendi imara na spana aweza kuzifunga mwenyewe nyumbani, akaokoa ada ya ufundi. Asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, wala asibadilishe ya upande mmoja akaiacha ya pili.

Mbele ya magari mengi madogo mambo ni mengine. Huko springi huizunguka shokabsoba, tena imebanwa kwa nguvu nyingi. Ukiifungua nati ya juu kabla ya kuishika springi kwa kifaa chake maalumu, itafyatuka na yaweza kuua. Kuifunga kwa waya, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa jua kali, ni kucheza na roho. Kazi hii mpe fundi mwenye kifaa hicho, awe wa wakala au wa gereji ya mtaani, kisha magurudumu yapimwe na kunyooshwa, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.